Nina kila kitu, lakini hamu sina

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya serikali hapa Morogoro. Nina miaka 47. Watoto wetu ni watatu: wawili wako vyuoni, wa mwisho yuko kidato cha tatu, anasoma bweni. Mume wangu alihamishiwa Dodoma kikazi, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumba tumeshajenga, mkopo wa SACCOS unaelekea kuisha, ndoa haina ugomvi. Lakini tangu mwaka jana, miezi michache baada ya kumzika mama, sina hamu na kitu chochote. Naamka saa tisa usiku nimelowa jasho, nashika simu mpaka kunakucha, halafu naenda kazini kama mtu anayesukumwa. Kwaya niliacha. Kufuma vitambaa, ambako zamani nikianza nilikuwa sisikii wala sioni, nako nimeacha. Wajomba wananiita kwenye vikao vya ukoo kule Mgeta, natoa udhuru. Kitu pekee ninachofanya bila kujilazimisha ni kukaa na mabinti wanne wa kidato cha pili wanaobaki Alhamisi jioni tufanye hesabu, kwa sababu walifeli mtihani wa muhula.

Wahamasishaji ninaowasikiliza kwenye simu wanasema nitafute kusudi la maisha yangu. Nimelitafuta, sijaliona. Dada yangu ananiambia nimshukuru Mungu, wenzangu hata kazi hawana. Nafikiria kuacha kazi nifuge kuku wa mayai. Je, nimekosa shukrani? Na katika umri huu mtu anaanzia wapi?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu mama yako umemtaja kwa maneno machache kuliko ulivyoutaja mkopo wa SACCOS, na mimi naona yeye ndiye amebeba sehemu kubwa ya barua hii. Nitafika huko.

Kwanza nikuondolee mzigo wa shukrani. Hukukosa shukrani. Mtu anaweza kupiga magoti asubuhi akamshukuru Mungu kwa dhati, akainuka pale pale hana hamu hata ya kubandika chai. Shukrani ni jambo lako na Mola wako. Hamu hupanda na kushuka kwa usingizi, kwa homoni, kwa msiba, kwa upweke, kwa kazi isiyobadilika. Dada yako anakupenda, na pengine alichokuambia ndicho alichoambiwa yeye siku aliyokuwa amechoka. Lakini jibu la "wenzako hawana kazi" halimrudishii mtu usingizi; linamfundisha kunyamaza tu, na wengi wanaokuja kukaa mbele yangu walinyamaza miaka mingi kabla ya kuthubutu kusema. Nafurahi wewe umesema mapema.

Sasa tuanze na mwili, kabla hatujagusa habari za kusudi. Kwa mwanamke wa miaka 47, kuamka usiku umelowa jasho mara nyingi ni dalili kwamba mwili unaelekea kukoma hedhi. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo homoni hazitulii: hedhi inabadilisha mpangilio, joto linapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, usingizi unakatika, moyo unakuwa mzito bila sababu unayoweza kuitaja. Mama zetu waliyapitia haya wakayanyamazia, ndiyo maana kila mmoja wetu anayakuta kama mambo mageni. Lakini jasho la usiku lina sababu nyingine pia, na hapa kwetu kifua kikuu hatuwezi kukiruka. Kama una kikohozi cha wiki mbili, unapungua uzito au unapata homa za jioni, mwambie daktari mapema.

Kwa hiyo nenda hospitali na kadi yako ya bima. Usiende duka la dawa kununua vidonge vya usingizi. Omba upimwe wingi wa damu, sukari, presha na utendaji wa tezi ya shingo, na habari za hedhi zieleze bila aibu hata kama daktari ni kijana wa umri wa mwanao. Upungufu wa damu peke yake, au tezi inayofanya kazi chini ya kiwango, unaweza kumfanya mtu aone dunia haina ladha, na vyote viwili vina matibabu. Ningesikitika sana kukuona unahangaika na maswali makubwa ya maisha wakati damu yako ni pungufu.

Ukiwa hapo hospitali, mweleze daktari na hili la kukosa hamu, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Sonona haiji siku zote na machozi. Kuna watu wanaoamka, wanaoga, wanafundisha, wanapika, wanatoa michango ya harusi, na ndani hakuna kitu. Sisi tunaotibu sonona huangalia kama mtu amekuwa na huzuni au amekosa hamu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, ulaji umebadilika, mwili unachoka bila kazi, akili haitulii, anajiona hana thamani. Baadhi ya haya unayo, na wiki mbili ulishazipita zamani. Siwezi kukupima kwa barua, ila naweza kukuambia kwamba unastahili kupimwa. Na kama umewahi kutamani kufa au kujidhuru, hata kwa wazo la kupita, acha kusoma hapa: mpigie mtu unayemwamini aje akae nawe, muende hospitali leo hii.

Turudi kwa mama. Umeandika "miezi michache baada ya kumzika mama" kama mtu anayetaja tarehe. Misiba yetu ina utaratibu mzuri: watu wanajaa, masufuria yanabandikwa, michango inaandikwa daftarini, siku ikifika turubai linashushwa. Mwanamke mchapakazi kama wewe, katika siku hizo anakuwa mratibu. Anatafuta gari la kupeleka mwili, anapokea wageni, anauliza kama sukari inatosha, anamtuliza mdogo wake anayezimia. Yeye mwenyewe analia kidogo sana. Wiki inayofuata yuko darasani anafundisha logarithi. Huzuni aliyoiweka pembeni haikwenda popote, inasubiri nyumba itulie. Na nyumba yako ilitulia kweli: watoto wameondoka, baba yao yuko Dodoma, na saa tisa usiku hakuna wa kumpikia wala wa kumwamsha aende shule.

Kuna na jambo la ukoo, nalo nadhani ni kubwa kuliko unavyolichukulia. Kwenu Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mashamba ya milimani nayo hupita humo. Mama akiondoka, mabinti zake ndio wanaosogea mbele. Wajomba hawakuiti Mgeta ili uchemshe chai ya kikao. Wanakuita kwa sababu nafasi ya mama yako iko wazi, na nahisi kila unapotoa udhuru unaepuka kuiona hivyo, iko wazi. Nakuelewa. Kuikalia nafasi ya mama ni kukubali kwamba hatarudi kuikalia yeye.

Sikuambii uende kwenye kikao kijacho. Nakuomba uende Mgeta siku ya kawaida, isiyo na ajenda, ukakae na mama mdogo au yeyote aliyemjua mama yako kabla hajakuzaa. Nendeni mpaka kwenye matuta yake mkaone nani analima sasa, kabichi zimestawi au kumeota majani. Muulize alikuwa msichana wa namna gani, aligombana na nani wakapatana, nani alikuwa anamjia kumkopa, jambo gani alilianza akaliacha njiani. Lieni mkitaka kulia. Watu wengi waliofiwa na mzazi wakiwa na umri kama wako hawakuwahi kupewa nafasi ya kulia, kwa kuwa marehemu "alikuwa ameshakula chumvi nyingi" na wao ni watu wazima. Mtu wa miaka 47 aliyefiwa na mama yake ni yatima, na yatima anahitaji kukaa na watu wanaomjua mama yake.

Umeuliza kuhusu umri. Habari ya mgogoro wa umri wa kati ilipata jina lake mwaka 1965, katika makala ya mwanasaikolojia Elliott Jaques, na tangu hapo watu wameifanya kuwa kama ugonjwa wa lazima. Mwaka 2008 wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi nyingi uliodai kwamba furaha ya watu hushuka taratibu hadi katikati ya miaka ya arobaini na kitu, kisha hupanda tena. Watafiti wengine wanabisha, hasa kwa nchi za kipato kidogo ambako mchoro huo hauonekani kila mahali. Mimi sipendi kuutupia umri lawama zote. Ninachokiona kazini ni kwamba umri huu ndio mambo mengi yanapokutana: mzazi anafariki, mtoto anaondoka, mwili unabadilika, kazi umeshaizoea kiasi kwamba mikono inaifanya yenyewe, na chumba cha walimu hakina mazungumzo isipokuwa kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Mambo matano kwa mpigo yangemlemea hata kijana wa miaka 25.

Sasa kusudi. Nitasema wazi kwa sababu neno hili linawaumiza watu wengi wa rika lako: acha kulitafuta. Wahamasishaji wanalinadi kama kitu kilichofichwa mahali, ukikipata maisha yanawaka. Mtu mzima akiambiwa hivyo, akatafuta asikione, anahitimisha kwamba amepoteza nusu ya maisha yake. Anatoka kwenye simu ana jeraha jipya juu ya uchovu wa zamani, na kesho usiku anawasha tena kumsikiliza yule yule.

Katika matibabu mambo huenda kinyume na wanavyohubiri. Hamu haitangulii tendo. Inalifuata, tena kwa kuchelewa. Sisemi hivi ili kukutia moyo. Huu ni msingi wa tiba inayofanya kazi. Katika miaka ya 1970 wanasaikolojia, Peter Lewinsohn wa Marekani akiwa miongoni mwa waanzilishi, walianza kuwatibu watu wenye sonona kwa kuwarudisha kidogo kidogo kwenye matendo yanayomrudishia mtu kitu, bila kusubiri wajisikie. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha matendo hayo peke yake na tiba kamili inayochimba na fikra, na waliopewa matendo tu hawakubaki nyuma. Sababu yake inaonekana vizuri kwako. Ulipokosa hamu uliacha kwaya. Ulipoacha kwaya, wiki yako ikapoteza jioni moja yenye watu na sauti. Jioni ile ikajazwa na simu. Simu ikala usingizi, usingizi ukala hamu iliyobaki, ukaacha na kufuma. Siku zimebaki na mambo ya lazima tu, na mambo ya lazima huchukua bila kurudisha.

Kwa hiyo badala ya kutafuta kusudi, naomba utafute takwimu. Wewe ni mwalimu wa hisabati, hili utalifanya vizuri kuliko wengi. Chukua daftari, na kwa wiki mbili kila jioni andika ulichofanya tangu asubuhi, kwa mistari mifupi. Mbele ya kila mstari weka alama mbili kati ya sifuri na kumi: ya kwanza ni raha uliyoipata, ya pili ni kama unaona ulifanya kitu chenye maana. Usizichanganye, kwa sababu hazitembei pamoja. Zamu ya getini saa moja asubuhi inaweza kupata raha moja na maana nne. Kutazama video sebuleni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku kunaweza kupata raha mbili na maana sifuri, jambo ambalo watu huwa hawaliamini mpaka waliandike wenyewe. Kusahihisha madaftari ya kidato cha kwanza ukiwa peke yako jikoni, tofauti na kuyasahihisha ukiwa na mwalimu mwenzako chini ya mti, kunaweza kutoa namba mbili tofauti kabisa kwa kazi ile ile. Usibadilishe chochote katika wiki hizo. Andika tu, kwa ukweli.

Nakisia mstari mmoja utakuwa na alama za juu kuliko yote, nao ni Alhamisi jioni. Wale mabinti wanne umewataja kwa sentensi moja, halafu ukarukia wahamasishaji. Mimi nilisimama hapo. Jiulize hasa ni nini kinachotokea katika saa ile, kwa sababu hisabati ni ile ile unayofundisha Jumatatu. Darasani unaandika ubaoni umewapa mgongo watoto wengi, silabasi inakimbia, kengele inagonga. Alhamisi mnakaa benchi moja. Unaiona penseli inaposimama. Unajua kwamba huyu hajashindwa milinganyo, ameshindwa namba hasi tangu darasa la sita na hakuna aliyegundua. Unamwonyesha tena, kwa utaratibu, kwamba namba inayojumlishwa au kutolewa ikivuka alama ya sawasawa lazima ibadilishe alama yake, na unaona uso wake unavyobadilika anapoipata mwenyewe katika swali linalofuata. Kwa miaka yote ya ualimu hii ndiyo kazi uliyoisomea, na pengine ni siku ya Alhamisi tu unapopata nafasi ya kuifanya.

Erik Erikson, aliyeandika mwaka 1950 kuhusu hatua za maisha ya mwanadamu, alisema kwamba mtu wa umri wa kati anasimama mbele ya njia mbili: alee kile kitakachobaki baada yake, au adumae. Hakumaanisha watoto wa kuzaa peke yao. Watu wetu wamelisema kwa ufupi zaidi, kwamba utu uzima dawa, na dawa ni ya yule anayekujia akiwa na tatizo. Huko Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa kawaida wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye mawazo mengi, kwa hatua walizofundishwa. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi wale walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo sasa umefika hadi Zanzibar. Hakuna aliyewaambia bibi wale watafute kusudi la maisha yao. Waliambiwa wakae benchi, wasikilize.

Nasi tuna yetu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walimu wa shule za msingi walimaliza vipindi vya watoto asubuhi wakarudi jioni kuwafundisha wazazi wa watoto wale wale. Waulize wazee wa Mgeta, utawapata walioshika chaki kwa mara ya kwanza katika kisomo kile. Ualimu wa nchi hii una historia ya jioni, na wewe unaiendeleza bila kujua.

Kwa hiyo ilinde Alhamisi. Usikubali iliwe na vikao vya dharura. Mwambie mkuu wa shule aijue. Usiigeuze kuwa tuisheni ya malipo, wala taasisi, wala mradi wenye fulana. Ukitaka kuiongeza, iongeze kwa mtu mmoja tu: yule mwalimu kijana wa ajira mpya ambaye pengine anatetemeka mbele ya kidato cha nne. Mwite akae na nyinyi, aone unavyolitafuta kosa la mtoto mpaka unalifikia darasa la sita. Ujuzi huo haumo katika kitabu cha kiada, uko kwako, na mwenye miaka 24 hana pa kuupata isipokuwa kwa mtu kama wewe.

Vitambaa na usiku nitaviweka pamoja. Ukiamka saa tisa, usibaki kitandani ukipigana na usingizi, na simu ilale chumba kingine tangu jioni; nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Badilisha nguo iliyolowa, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, chukua uzi na sindano ya kufumia. Anza kitambaa kidogo cha kufunika glasi, usianze cha seti nzima ya makochi. Usingizi ukirudi, rudi kitandani. Usiporudi, angalau asubuhi utakuwa na mizunguko kadhaa ya uzi badala ya habari za ajali na ugomvi wa watu usiowajua. Saa ya kuamka ibaki ile ile kila siku, hata Jumamosi.

Kwaya usirudi kwa ahadi kubwa. Mpigie mwenzako mliyekuwa mnasimama bega kwa bega, mwambie utakwenda mazoezini, hutapanda madhabahuni mwezi huu. Kuimba na watu kunarekebisha pumzi na kunakutoa katika mawazo yako kwa saa nzima, na hilo latosha kwa sasa. Nakumbuka hapa habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akahamia mjini Unguja mwaka 1911, na santuri zake za mwanzo zikarekodiwa Bombay mwaka 1928, akiwa anakaribia miaka 50. Watu hupenda kumtaja ili kusema hujachelewa. Mimi huvutiwa zaidi na kule nyuma, alipokuwa muuza vyungu anayetembea akinadi bidhaa yake kwa kuimba. Ile sauti ilikuwa inafanya kazi ya kila siku muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuileta kwenye santuri.

Kuku, sasa. Sina ubaya na kuku, nina wasiwasi na sababu yako ya kuwataka. Kifaranga wa mayai unamlisha karibu miezi mitano kabla hujaokota yai la kwanza, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama. Mdondo ukipita bandani bila chanjo, umerudi sifuri. Hiyo ni biashara ya mtu mwenye nguvu ya kuamka na kukagua maji na joto la banda akiwa na ari, na kwa sasa ari ndiyo unayoililia. Pia hujafika miaka 55, ambayo ndiyo ya kustaafu kwa hiari. Kuondoka leo ni kujiuzulu, na mafao ya aliyejiuzulu ni hesabu nyingine kabisa. Nenda ofisi ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ukaulize zako kabla ya kuwaza lolote. Nimewaona walimu wakiingia biashara kwa kuukimbia uchovu, mtaji ukakwama, wakaishia kwenye mikopo ya kausha damu. Kama unawapenda kuku kweli, jenga banda dogo la kienyeji nyuma ya nyumba, ukiwa bado kazini. Wape mwaka mzima. Daftari lako litakuambia kama asubuhi bandani inapata alama nzuri.

Jambo la mwisho ni mume wako. Umesema ndoa haina ugomvi, na sikuona mahali uliposema kwamba anajua. Mtu anayekuja mara moja kwa mwezi hukuta nyumba imefagiliwa, chakula kiko mezani, mke anatabasamu, anarudi Dodoma akiamini mambo ni shwari. Safari hii, kabla hamjaingia kwenye hesabu za ada, mpe barua uliyoniandikia aisome mbele yako. Mwombe vitu viwili vinavyowezekana: akusindikize hospitali, na mwende naye Mgeta. Sasa hivi kuna treni ya umeme kati ya Dodoma na Morogoro, mwisho wa mwezi si lazima uwe ndiyo siku pekee.

Jipe wiki sita za haya, kuanzia siku utakayotoka hospitali. Ikiwa alama kwenye daftari bado zimelala, au zimeshuka, usijilaumu na usiongeze video nyingine ya hamasa. Rudi kwa daktari, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, na akikuandikia dawa zinywe kama alivyoelekeza, bila kuziacha ukijisikia nafuu wiki ya kwanza. Daftari nenda nalo, kwa sababu litamwonyesha katika dakika tano kile ambacho wewe ungehitaji saa nzima kumweleza.